Ua Lililofagiwa Polepole

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba utumwa ulipokomeshwa katika mji mmoja wa pwani, serikali ilitangaza uhuru asubuhi, na kufika adhuhuri ilikwisha kutangaza masharti yake.

Palikuwa na mja mwema aitwaye Feruzi, naye kaachwa huru siku hiyo hiyo. Akafungua chuo katika nyumba tupu, akawaita wenzake waje wasome. Wakaja watu wazima, kila mmoja kabeba kuni au mtungi wa maji. Wakafagia ua, kisha wakasimama nje ya mlango.

"Mwanangu Feruzi," akauliza Bi Zafarani, ajuza aliyewazidi wote umri, "wanafunzi wanakuja lini?"

"Ndio nyinyi, mama."

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kukaa mkekani mpaka ajuza yule alipokaa.

Hawajamaliza hata herufi, Feruzi akaitwa kwa liwali. Sharti lilikuwa kila mwalimu amtaje aliyemsomesha na kumpa ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Akikosa, chuo kifungwe. Mlangoni akamkuta Bwana Muhsini, aliyekuwa bwana wake, naye akamnong'oneza, "Nitaje mimi. Wewe upate chuo, mimi nipate thawabu."

Liwali akauliza, "Nani kakusomesha?"

Feruzi akawawaza waliokaa mkekani. Kisha akasema, "Hapana aliyenisomesha, bwana. Watoto wa Bwana Muhsini walisoma barazani, nami nikifagia ua. Nilifagia polepole."

"Ufagio hautoi ijaza," akasema liwali, na makarani wakacheka, kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake.

Chuo kikafungwa. Bi Zafarani akalia. "Uongo mmoja tu, mwanangu. Ungetubu jioni."

"Ningewafundisha haki kwa ulimi huo, mama?"

"Kwa huo huo. Sisi tungeuvumilia."

Feruzi akaukunja mkeka.

Nyumba ile akapewa mwalimu mwenye ijaza, asomeshe watoto wa waungwana. Asubuhi ya kwanza akakuta kuni na maji mlangoni, na watu wazima wameinama uani, fagio mikononi, Feruzi miongoni mwao.

"Alhamdulillahi, hawa wangali wanajua mahali pao," akasema, akaanza kusomesha kwa sauti.

Nje wakafagia, polepole sana.

Bi Zafarani alifariki kabla ya masika, hajaweza kusoma jina lake.

Ndugu zangu, malipo yao yako kwa Mola. Ila tusifanye haraka kuisifu subira yao, maana huenda tukaulizwa kwanza ni nani aliyewabebesha.