Samaki wa Kijivu wa Aluel

Hasidi hana sababu. Wahenga hawakusema ana sababu ndogo. Walisema hana kabisa. Anayebisha na amtazame Aluel, msusi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka wa 2012.

Aluel na Ayen walikuwa wasusi majirani, wametenganishwa na ukuta wa mabati tu. Walitoka Sudan Kusini pamoja, wakapanga foleni moja ya maji, wakala sufuria moja. Kisha Epuyo, mvuvi wa Lowarengak, akamletea Ayen samaki wa ziwani ndani ya jerikeni. Walikuwa jamaa moja na tilapia wa kukaanga, ila wadogo kama kiganja, na madume wao, jamani, walikuwa na rangi ya chungwa na buluu iliyokolea. Ayen akawatia katika sanduku la kioo mlangoni pa saluni yake. Basi kina mama wakahamia huko, wasukwe huku watoto wao wametulia wakitazama samaki. Kwa Aluel vikabaki viti na nzi.

Kijicho kikamkaba Aluel. Kila kicheko kilichovuka mabati kilimchoma. "Amenifukuzia wateja kwa kitoweo," alinung'unika, ingawa Ayen hakumfukuzia hata mmoja. Kama wateja wasingerudi kabla ya Krismasi, angefunga saluni, na saluni ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

Ayen aliliona hilo. Asubuhi moja akaja na ndoo.

"Dada, na wewe weka samaki mlangoni. Huyu nimekuchagulia mwenyewe. Kwa sasa hatakula. Usijali, mwache tu."

Aluel akachungulia. Samaki mmoja, wa kijivu, mashavu yamevimba. Kumbe wale wa rangi amebaki nao! "Asante, dada," alisema, na moyoni anatokota. Hakuuliza neno. Ayen alipoondoka tu, akashika kisu, kwani samaki wa kijivu mahali pake ni kwenye kikaango.

Alipombana kichwa, vijidudu vikamwagika kutoka kinywani, vingi, vikijinyonganyonga. Minyoo! Akaitupa mchangani pamoja na samaki mwenyewe, kuku wakadonoa. Hakusikitika hata kidogo. Alifurahi, maana sasa alikuwa na la kusema.

Akaenda moja kwa moja mlangoni pa Ayen, ambapo saluni ilikuwa imejaa.

"Mnaosukwa hapa mjue," akasema. "Samaki wa huyu wana minyoo. Mimi amenipa mgonjwa nile nife."

Ugbad, mteja aliyesukwa nusu kichwa, akasogeza mtoto wake mbali na kioo. Ayen akaweka kitana chini.

"Dada, hiyo minyoo ilikuwa na macho?"

Aluel akaiona tena akilini. Ilikuwa na macho, meusi, mawili mawili.

"Hawa samaki, mama hulea watoto wake kinywani," Ayen alisema taratibu. "Ndiyo maana hali. Nilikupa yeye ili watoto wote wakulie kwako, na madume watoke na rangi za baba yao. Mimi jike mwingine sina."

Hakuna aliyemcheka Aluel, afadhali wangemcheka. Alirudi kwake akakuta kuku wameshamaliza.

Krismasi ilikuwa haijafika, saluni yake ikafungwa. Ayen akamwita: kiti kimoja kiko wazi, dada, njoo tusuke pamoja. Aluel akamjibu kwamba anatafutwa afanywe mtumishi, akampa kisogo, akaenda zake bila kazi. Ama kweli, hasidi hana sababu.