Raba Kwenye Tundu la Bati

Wapendwa, mfano wa leo mkija kuusikia kwa mhubiri mwingine, mjue ameuchukua kwangu, na atausimulia vibaya. Haya, sogeeni.

Kulikuwa na kwaya moja ya usharika wa mlimani. Kuimba walijua, msiulize! Wakipandisha sauti, mbuzi wa ng'ambo ya bonde wanaacha majani wanasikiliza. Lakini kwenye mashindano ya jimbo, uwanja mkubwa, kelele tele, nao mitambo ya sauti hawana, walikuwa wakishika mkia kila mwaka, mpaka mkuu wa jimbo akawaambia wazi: "Mkiwa wa mwisho tena, kwaya hii tunaivunja, mkaimbe na wenzenu wa mjini." Mwimbaji ukimwambia hivyo, umemwachia nini?

Safari hii wakajitengenezea mitambo yao. Fundi wao akachomelea boksi la bati, akaweka amplifaya ndani. Waya wa spika ulitokea kwenye tundu la bati, na pale tunduni akavalisha kipete cha raba nyeusi, ili kingo za bati zisiguse waya. Mmeshakiona? Kwenye gari kipo, kwenye friji kipo, popote waya unapopenya chuma. Hakiimbi, hakiwaki, hakitoi umeme. Kinakaa katikati tu. Huku bati kali, huku waya laini, chenyewe kinasuguliwa pande zote mbili.

Asubuhi ya mashindano, mwenyekiti wa kwaya alikuwa analing'arisha boksi. Mwanaume wa kupenda mng'aro huyo! Kiatu chake ungeweza kukiinamia ukanyoa ndevu. Akafika kwenye raba, akaona imepauka, imechubuka. Akaichomoa, akaivurumisha kwenye nyasi.

Fundi akashtuka. "Baba mwenyekiti, raba yangu umeipeleka wapi?"

"Takataka ile? Unataka majaji waseme tumekuja na vitu vilivyochakaa?"

"Imechakaa kwa sababu inafanya kazi, mzee."

"Fundi, wewe shika koleo lako. Heshima ya kwaya niachie mimi."

Fundi akaanza kupekua nyasi, lakini lori likapiga honi, na wenzake wakamvuta wakaondoka.

Sasa kwaya zetu mnazijua. Haziimbi zimesimama kama nguzo za simu. Zinaruka! Jukwaa la mbao likatetemeka, boksi likatetemeka, na bati likawa linaukereza waya kama msumeno, kidogo kidogo, wala hakuna anayejua. Ubeti wa kwanza, uwanja umeinuka. Wakafika kwenye kiitikio, spika zikazima. Midomo inafunguka, mikono inapungwa, sauti hakuna! Kwaya ya mjini ikaangua kicheko. "Wa mlimani, vipi, mmeziacha sauti kwenye lori?"

Jaji mkuu akasema, "Tengenezeni upesi. Mkishindwa, naita wanaofuata."

Fundi akauunga waya, akaufunga tepu, kisha akainua macho. "Kuwasha naweza. Lakini tundu liko tupu. Mkiruka tu, bati litaukata tena. Nipeni raba."

Kina mama wakapekua mikoba. Leso, pipi, kitabu cha nyimbo. Raba itoke wapi? Mama mmoja wa sauti ya pili akamgeukia mwenyekiti. "Si wewe uliyetupambia? Haya, tupambie na sasa!"

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mwenyekiti akawatazama waimbaji wake, wengine macho yameshajaa machozi. Akakaa chini, mbele ya majaji, mbele ya wa mjini, akavua kiatu kile cha kunyolea ndevu, akakipindua. Kisigino chake kilikuwa raba nene.

"Fundi, lete kisu."

"Baba mwenyekiti, si kiatu chako cha..."

"Lete kisu! Raba niliitoa mimi, nitairudisha mimi."

Fundi akakata kipande, akakitoboa, akakichonga, akakibana tunduni. Kikakaa kama kimezaliwa pale. Akawasha.

Mwenyekiti akarudi mstari wa mbele, kiatu kimoja hakina kisigino. Kucheza hivi, anachechemea! Waimbaji wakaona, wakasema hapana, baba yetu hachechemei peke yake. Kwaya nzima ikachechemea! Majaji wakasimama, wakadhani ni mtindo mpya. Uwanja ukachechemea, na wale wa mjini nao wakachechemea, wafanyeje? Jukwaa likatetemeka kuliko mwanzo, na waya haukukatika! Kombe likapanda mlimani siku hiyo hiyo, aleluya!

Mnacheka. Chekeni, lakini msinichekee mwenyekiti wa watu, maana nyumbani kwako uliyemchomoa ni nani? Yule shangazi aliyekuwa anakaa katikati yako na ndugu yako, akapokea maneno makali ya huku na ya huku, asiyafikishe kokote. Ulimwona amechoka, amechubuka, ukasema anatuaibisha, akae pembeni. Tangu siku hiyo mnakatana, halafu unakuja kuniuliza mimi mhubiri kwa nini nyumba imekuwa kimya!

Sisi sote tunaomba tuwe spika. Bwana, nisikike! Wengine wanaomba wawe umeme. Mmeshasikia mtu amepiga magoti akasema, Bwana, nifanye raba? Na Mwokozi wetu alikaa wapi, kama si katikati, akapigwa pande zote ili sisi tusikatike?

Wewe uliyechubuka kwa kupatanisha watu, inua kichwa leo! Hujachakaa bure. Watoto wanacheka mezani, ndugu wanaitana kwa majina, na muziki huo unapita kwako.

Na kama katika ukoo wako wapo wawili wanaosuguana, ukitoka hapa usiende nyumbani. Pitia kwao, ukakae katikati. Utachubuka, ndiyo. Lakini wataimba!