Muhula Ambao Kalunde Hakusoma

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Neno, nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na binti mmoja wa pande za Urambo, tumwite Kalunde, aliyepata nafasi ya kusoma Kanada. Alisomea ufundi wa kutengeneza meno ya bandia. Wazee msicheke, nyinyi ndio wateja aliowafikiria.

Sasa nchi ile ina utaratibu wake. Mgeni akimaliza chuo anaweza kuomba kibali cha kubaki na kufanya kazi. Lakini kwanza huangaliwa kama alisoma mfululizo, muhula baada ya muhula. Ukiwapo muhula aliouruka, anaulizwa: ulikuwa wapi, na nani alikuruhusu? Kalunde alikitaka kibali hicho kuliko kitu kingine chochote. Maabara moja ilikwisha kumwahidi kazi, na mikono yake ilikuwa imeuzoea ufundi ambao mashine zake huku kwetu ni adimu.

Na muhula mmoja aliuruka. Akiwa mwaka wa pili, masomo yameanza tu, baba yake alifariki. Je, Kalunde alifanya nini? Alifanya kama mimi na wewe tungefanya. Alilia, akafunga begi, akasafiri. Alimwomba mwenzake waliyepanga naye nyumba awaarifu chuoni. Yule mwenzake akamwambia mwalimu mmoja waliyekutana naye ngazini, mwalimu akasema pole, yakaishia hapo.

Kuomba ruhusa rasmi hakukumjia hata akilini. Kwetu mfiwa haombi ruhusa. Nani kati yenu amewahi kusimama mbele ya mkubwa wake wa kazi akamsihi amruhusu kwenda kumzika baba yake? Unasema tu, nimefiwa, na mkubwa mwenyewe anaanza kutafuta gari la kuwaleta wafanyakazi msibani. Ndivyo tulivyolelewa. Kalunde akadhani dunia nzima imelelewa hivyo.

Alimzika baba yake, akakaa na mama yake, na kwa kuwa ni mtoto wa kwanza akangoja mpaka arobaini ikapita na matanga yakaanuliwa. Aliporudi chuoni wenzake walikuwa wamekwenda mbali, ikambidi asubiri muhula uliofuata. Akasoma kwa bidii, akamaliza, akafaulu vizuri. Ndipo alipokwenda kwa mama mmoja mpole, mshauri wa wanafunzi, ili amsaidie kuomba kibali. Yule mama akaona pengo, akauliza ruhusa yake iko wapi. Kalunde akamsimulia habari yote.

Mama yule akasema, "Binti yangu, chuo kina ruhusa ya msiba. Ungeniandikia mstari mmoja ningekupa siku ileile. Lakini siwezi kuitoa leo nikasema niliitoa wakati ule."

Akamshauri aeleze yaliyotokea kama yalivyotokea, na chuo kingethibitisha kile tu kinachokijua. Uamuzi haukuwa wao, ulikuwa wa ofisi ya uhamiaji.

Kalunde akampigia simu baba yake mdogo, ambaye sasa ndiye aliyesimama mahali pa baba. Baba mdogo alicheka kwanza, akauliza kama hao wenzetu huwa hawafiwi. Kisha akaja na njia. Alimjua tabibu mmoja wa kituo cha afya. Angeandika kwamba Kalunde alilazwa akiwa mahututi, ndiyo maana hakuweza kuomba ruhusa. Mgonjwa huonewa huruma.

"Lakini baba mdogo, sikuumwa."

"Uliumwa na huzuni. Nani atabisha? Wewe nitumie tarehe tu."

Ndugu zangu, msimhukumu haraka mzee huyu. Alimpenda mtoto wa kaka yake. Wewe usingejaribu kwa ajili ya wako?

Kalunde akakaa na kalenda yake atafute hizo tarehe. Akaweka alama siku aliyosafiri, akaweka alama siku aliyorudi. Kidole chake kikapita katikati, kikafika siku moja, kikakataa kuendelea. Akapiga simu tena.

"Baba mdogo, Jumamosi ile ya maziko, karatasi ya tabibu itasema nilikuwa wapi?"

"Wodini, mwanangu. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Na yule aliyesimama kaburini na mama, wewe ukamshika mkono asianguke, alikuwa nani?"

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mama. Andika kama ulivyoona."

Akaandika. Baba yangu alifariki, nilikwenda kumzika, sikuomba ruhusa kwa sababu sikujua kwamba huombwa.

Sasa nawajua, mmezoea mahubiri. Mnangoja niwaambie kwamba ofisa aliyesoma maneno hayo alitokwa na machozi akagonga muhuri. Hapana. Kalunde alinyimwa. Pengo lilikuwapo na ruhusa haikuwapo, na sheria ile haikumjua baba yake. Akarudi Urambo. Baba mdogo akampokea, akambebea mzigo, na walipokuwa peke yao akashindwa kujizuia, akamwambia kwamba karatasi ile ingemwokoa.

Kalunde akamjibu, "Kibali nimekosa, baba mdogo. Lakini baba nilimzika."

Wapendwa, liko somo dogo hapa kwa vijana wetu: ukienda kwa watu, uliza wenyewe hufanyaje, hata kwa lile unalodhani halihitaji kuulizwa. Kalunde hakumlaumu mtu kwa hilo. Mlichukue muende nalo.

Lakini nataka nizungumze na sisi tulio wakubwa. Nani hapa hana muhula aliouruka? Yuko aliyepotea kanisani mwaka mzima baada ya kumzika mtoto. Yuko ambaye ndoa ilimvunjikia mkononi akaona aibu kuonekana. Tukiulizwa tulikuwa wapi, tunasema nilisafiri, nilibanwa na kazi, miguu ilinisumbua. Watu wanaridhika, na sisi tunaingia na kuketi. Lakini yule mtoto je? Uliposema ulikuwa safarini, ulimweka wapi? Machozi yale uliyomlilia Mungu gizani, umesema hayakuwapo? Mungu alikuwa na wewe katika siku zile, na wewe unatuambia hukuwapo.

Leo tukitoka, mtu atakushika mkono pale mlangoni akuulize, siku hizi ulipotelea wapi? Mwambie. Na wewe unayeuliza, usiachie mkono wake mpaka amalize.