Sanduku la Barazani kwa Jumbe

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana leo nina hasira.

Zimwi lilileta sanduku la kamari, likaliweka barazani kwa jumbe. Vijana wakajazana. Mmoja wao, Semkiwa, akalilisha sanduku kuku, likameza, likaimba, "Ongeza, utashinda!" Akalilisha mbuzi, likameza, likaimba. Akapanda darini, akashusha mahindi ya mbegu ya mama yake, likameza, likaimba.

Mvua za kupandia zikanyesha. Mama akaenda barazani. "Jumbe, liondoe!"

Sauti ya jumbe ikajibu, mwenyewe haonekani: "Mfunze adabu mwanao."

Mama akashika shoka, akalipasua sanduku. Akatoka kuku, akatoka mbuzi, mahindi yakamwagika. Wa mwisho kutoka alikuwa jumbe, bado anatafuna.

"Na huyu," mama akauliza, "nani amfunze adabu?"

Haya, mliokaa hapa, jibuni.