Kifaru na Maua Yasiyonyauka

Hadithi inabisha hodi.
— Karibu, ipite ndani.
Miguu yake ina vumbi la uwongo.
— Ikung'ute, iketi, iseme.

Basi, hapo zamani palikuwa na mlima wa mawe, na wanyama wa mlima huo walipenda nyumba zao zipendeze. Digidigi alikuwa na mshubiri ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Kanga alikuwa na mwasumini uliopanda hadi juu ya mlango wake. Na Bi Pimbi, mjane mwenye watoto, alikuwa na mrehani.

Pimbi mnamjua. Ni yule ambaye mtu akitaka kumtukana mfupi hulitaja jina lake. Bi Pimbi hakujali. Alikuwa na shughuli. Watoto wake walikohoa kila baridi ilipoingia, kho, kho, kho, naye aliwachemshia majani ya mrehani, wakalala. Mrehani huo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mume alikufa, mrehani ukabaki.

Sasa, kwenye mlima huo alikuwepo pia Bwana Kifaru. Macho yake hayakuona mbali, lakini pua yake ilifika kila mahali. Naye alipenda sana kutembelea majirani.

Siku moja alikwenda kwa Digidigi.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Kifaru."

"Nyumba yako imependeza." Akanusa, fuu, fuu. "Na mmea huu umependeza."

Nyofu. Tafu, tafu, tafu. Gubu.

"Mchungu kidogo," akasema Kifaru. "Lakini nashukuru." Akaondoka.

Siku nyingine akaenda kwa Kanga.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Kifaru."

"Nyumba yako imependeza. Na mmea huu umependeza."

Nyofu. Tafu, tafu, tafu. Gubu.

Kanga akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, ule ulikuwa wa pambo."

"Bado ni pambo," akasema Kifaru. "Sasa umenipamba tumbo."

Kifaru ana pembe, na mtu mwenye pembe akisema jambo huwa limekwisha semwa.

Alipokuwa akirudi, Kifaru akapita kwa Bi Pimbi. Akasimama, akanusa hewa. "Bi Pimbi, hapa pananukia mrehani."

"Ndiyo, Bwana."

"Leo nimeshiba. Kesho nitakuja kukusalimia. Umwagilie maji vizuri, maana ukiwa mkavu hunikwama kooni."

Akaenda zake. Bi Pimbi akaingia ndani, akakaa chini. Kanga akaja na mabawa yakiwa yamelegea.

"Dada, uhame," akasema Kanga. "Au umpe, yaishe."

"Nikimpa, watoto nitawachemshia nini? Mawe?"

Wakakaa wawili, wakisikiliza watoto. Watoto walikuwa wakicheza na mfuko walioachiwa na watoto wa binadamu, waliokuja kula chakula chao chini ya mlima na kusahau vitu vyao. Ndani ya mfuko mlikuwa na vitofali vidogo vya plastiki, vyekundu, vya njano, vya kijani. Ukikibandika kimoja juu ya kingine, kinasema ta, kinashika.

Ta. Ta. Ta.

Bi Pimbi akageuza kichwa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Wanangu," akasema, "niazimeni hivyo."

Akaanza kujenga. Ta, shina la kijani. Ta, jani la kijani. Ta, ta, ta, ua jekundu. Ta, ta, ta, ua la njano. Akajenga mpaka akapata shada zima, akalisimamisha kwenye chungu. Kisha akachuma jani moja la mrehani, akalisugua juu ya kila ua mpaka likanukia. Mrehani wenyewe akauficha ndani kabisa, nyuma ya vitanda vya watoto.

Kanga akasema, "Dada, hayo si maua."

"Kwa macho yako si maua. Macho yako si yake."

Kesho yake Kifaru akafika.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Kifaru."

"Nyumba yako imependeza." Fuu, fuu. "Na mmea huu umependeza." Akafungua mdomo.

"Bwana, samahani," akasema Bi Pimbi. "Haya si ya kutafuna mlangoni kwa mtu mdogo. Haya ni ya kuwekwa nyumbani kwa mkubwa."

Kifaru akafunga mdomo. "Kwa nini?"

"Hayanyauki. Hayataki maji. Masika yako hivi, kiangazi yako hivi. Mwenye maua haya hana haja ya kuzunguka kwa majirani."

Kifaru akafikiri. Kama angekuwa na mmea usiokwisha, angekula amelala. "Nayataka," akasema.

"Ni urembo wangu wa pekee."

"Nayataka."

"Basi apa mbele ya majirani. Ukiyachukua haya, hutagusa tena mmea wa nyumba ya mtu, wa leo wala wa kesho."

Digidigi akaitwa. Kanga alikuwa tayari nyuma ya jiwe. Kifaru akaapa kwa pembe zake. Na jueni kwamba kifaru akiapa hageuki. Hata shingo yake haigeuki vizuri.

Akayabeba kwa mdomo, polepole, kama yai. Akayaweka kwake, akayanusa, akalala karibu nayo. Asubuhi njaa ikamwamsha. Akafungua mdomo.

Nyofu. Kwacha. Kwaru, kwaru, kwaru.

Jino likavunjika. Kifaru akatema, vitofali vikatawanyika chini, akainuka kwa hasira na kuvikanyaga. Sasa, ngozi ya kifaru ni nene, mkuki unaijua. Lakini nyayo zake ni laini kama maandazi. Alipiga yowe lililoangusha mawe.

Akaja kwa Bi Pimbi akichechemea, chopi, chopi, chopi. Majirani wote wakatoka.

"Bi Pimbi, maua yako yamenivunja jino."

"Pole, Bwana. Kwani uliyala?"

"Niliyala."

"Nilikuambia hayanyauki. Yamenyauka?"

Kifaru akafikiri. "Hayakunyauka."

"Nilikuambia hayataki maji. Yameomba maji?"

"Hayakuomba."

"Basi, Bwana, mimi nimekukosea wapi?"

Kifaru akatafuta alipokosewa, asipaone. Kisha pua yake ikacheza. Fuu, fuu. "Ndani kunanukia mrehani."

"Ndiyo."

"Wa kweli?"

"Wa kweli."

Kifaru alisimama mlangoni, mate yakimtoka, jino likimpwita. Mlango ule angeweza kuupasua kwa kupiga chafya tu. Lakini alikuwa ameapa, na walioshuhudia walikuwa wakimtazama.

Bi Pimbi akamhurumia. Akaingia, akachemsha majani machache, akamletea maji yake kwenye kibuyu. "Sukutua, jino litatulia. Usimeze."

Kifaru akasukutua. Akasukutua tena. Akatema yote nje, hata tone hakumeza. Wanaojua wanasema hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya maishani mwake. Kisha akashuka mlima, akaenda kuishi nyikani peke yake, ambako hakuna nyumba ya mtu, na huko anakula miiba mpaka leo.

Mshubiri wa Digidigi ulichipua kwenye mzizi. Mwasumini wa Kanga ulichelewa, lakini ulipanda. Watoto wa Bi Pimbi walikohoa baridi ilipoingia, wakanyweshwa, wakalala.

Funzo la hadithi hii, ndugu zangu, ni kwamba mmea wa kweli nyumbani ni hasara. Unakunywa maji, unaangusha majani, unaita wageni wenye njaa. Wekeni maua ya vitofali, mpumzike. Mimi kwangu mmeona mirehani imejaa dirishani, lakini hiyo ni kwa sababu sijapata nafasi ya kwenda dukani.

Utamu wauchukue wenye masikio.
— Tumeuchukua.
Uwongo niachieni mwenye mdomo.
— Tumekuachia, lala nao.