Bonge la Mwisho la Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Wewe mwenye kikohozi, kaa huku karibu. Na wakubwa wasisinzie, maana hadithi hii inawahusu wao kuliko watoto.

Hapo zamani za kale, ukingoni mwa msitu wa kilimani, aliishi kuku mtagaji, jina lake Mtetea. Alikuwa na shoga yake, Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, aliyekaa kwenye tundu la mti wa mvule. Mmoja wa chini, mmoja wa juu. Walipendana hao.

Mvua ikinyesha, kumbikumbi waliruka. Hondohondo aliwaona kwanza, kule juu. Akaita: "Hoo! Hoo! Shoga, wametoka!" Mtetea akakimbia, tifu tifu tifu, akala, akashiba. Kiangazi alichakura mtama uliomwagika na mashudu ya alizeti. Leo alitaga, kesho akapumzika. Hakununua kitu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Hondohondo akitaka kutaga huingia tunduni, na mlango ukazibwa kwa udongo. Hubaki ufa tu, mumewe apitishe matunda. Humo ndani hunyonyoka manyoya, hawezi kuruka. Kila mwaka Mtetea alipanda tawi kwa tawi, akaweka bonge la mwisho la udongo. Na anayeziba ndiye anayezibua, kwa kuwa udongo ukikauka ni jiwe, na yeye peke yake ndiye anayejua pa kudonoa.

Siku moja akaja Nguchiro, yule mnyama mpenda mayai, na kikapu.

"Hodi."

"Karibu."

"Bi Mtetea, mama mzima kama wewe wa kula wadudu? Onja hii."

Akamwaga soya, rrrra. Mtetea akadonoa. Ilikuwa tamu.

"Kibaba kimoja kwa yai moja," Nguchiro akasema. "Na utataga kila siku."

"Inatoka wapi?"

"Mbali. Wewe kula."

Akala. Akataga kila siku, kweli. Majirani wakamsifu, na nani hapendi kusifiwa? Hondohondo akiita, "Hoo! Hoo!", Mtetea haendi.

"Shoga," Hondohondo akamwambia, "usiache mbachao kwa msala upitao."

"Nina kazi, shoga yangu. Nataga."

Akala, akala. Akala kupita haja ya mwili. Kinyesi kikajaa, banda likatoa harufu kali ya kuchoma macho. Na kibaba cha Nguchiro kikawa kinapungua, kinapungua, yai likabaki lile lile. Mayai yote yakaenda kwa Nguchiro. Msimu mzima Mtetea hakuatamia hata moja.

Kisha moshi ukatokea nyuma ya kilima.

"Moshi wa nini ule?" Mtetea akauliza.

"Shamba jipya," Nguchiro akajibu. "Kuku wote wanataka soya. Nipande wapi, mgongoni kwako?"

Mtetea akacheka. Akaendelea kula.

Wakati wa Hondohondo ukafika. Akaingia tunduni. Mtetea akapanda, akabandika udongo wake, tapu, akashuka mbio. Hata kwaheri hakuaga vizuri.

Asubuhi moja mume wa Hondohondo akaja, anahema.

"Shemeji, watu wa shamba wamefika na moto na mashoka. Njoo uzibue."

"Naja, shemeji. Yai liko njiani, na Nguchiro anakuja kulichukua."

"Shemeji, wanaukata mvule."

"Nimalize kidogo tu."

Mume akarudi peke yake. Mtetea akakaa kiotani. Shoka akalisikia, nga! nga! nga! Akasema moyoni, mvule ni mti mnene. Yai likatoka. Ndipo akakimbia, tifu tifu tifu, kwa miguu ile ile iliyokuwa ikikimbilia kumbikumbi.

Kraaaa. Puu!

Alipofika, mvule umelala, na moto umepita. Mume wa Hondohondo alikuwa amekaa juu ya kisiki, mdomo umepasuka, unatoka damu. Aligonga ule udongo mpaka mwisho. Hakumtazama Mtetea. Na bonge la udongo lilikuwa pale majivuni, limeungua kama kigae, na alama ya mdomo wa Mtetea juu yake. Mtetea akaita, "Shoga!" Akaita sana. Akachakura majivu, akachakura, mpaka kucha zikaungua.

Nguchiro akapita, anakagua ardhi.

"Pole, Bi Mtetea," akasema. "Uliniuliza soya inatoka wapi. Sasa ni hapa."

Mvua mwaka ule ilichelewa. Kumbikumbi waliruka kidogo, na hakuna aliyeita. Soya ya shamba lile ikaletwa. Mtetea akadonoa punje moja. Ilikuwa tamu vile vile. Hilo ndilo lililomliza. Akamrudishia Nguchiro kikapu chake, akarudi kwenye mtama na mashudu. Alitaga mayai machache, akayaatamia mwenyewe. Lakini juu ya mti hapakuwa na mtu wa kumwonyesha vifaranga wake.

Ndiyo maana mpaka leo kuku hali kabla ya kuchakura chini. Anatazama kwa jicho hili, anatazama kwa jicho lile, anauliza: imetoka wapi? Na akishataga hupiga kelele, ko-ko-ko-kodeee! Watu husema anajisifu kwa yai lake. Hajisifu. Anamwita shoga yake, amwambie kwamba amemaliza, anakuja.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa, shikeni hili: chakula kinachotoka mbali kina moshi wake, na usipouona wewe kuna anayefukizwa nao. Kabla hujapanua mdomo, uliza kimetoka wapi. Na ukishajibiwa, usicheke.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kile kisiki.