Fimbo Iliyopinda kwenye Chemchemi

Paukwa!
Pakawa!
Nyie mnaosinzia huko nyuma, paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji chenye chemchemi moja na mila moja ngumu. Bibi harusi, kabla hajavuka kizingiti cha mumewe, alipewa fimbo ya ukoo. Aliitumbukiza nusu majini, watu wote wakitazama. Ikionekana imenyooka, huyo ni mke. Ikionekana imepinda, basi na moyo wake umepinda: akunje mkeka wake, arudi kwao kabla jua halijatua.

Na hakuna aliyewahi kurudishwa! Mnajua kwa nini? Ng'ombe walikuwa wakinywa humo humo. Maji yalikuwa tope tupu. Fimbo ikiingia, haionekani hata chembe. Basi wazee husema, "Imenyooka!" Ngoma, tindi-ti-tindi! Watu wakala wali.

Kijijini hapo aliishi mfinyanzi mkongwe, Bibi Kidawa. Mwaka huo aliwasumbua vijana, akawasumbua, akawasumbua, mpaka wakazungushia chemchemi uzio wa miiba. Ng'ombe wakanyweshwa mbali. Maji yakatulia, yakang'aa, ukaona kokoto za chini moja moja.

Ikawadia siku ya Mize, binti wa ng'ambo ya kilima, aliyekuja kuolewa na Makame. Mize alimpenda Makame. Mkeka wake aliusuka miezi mitatu akimuwaza yeye tu. Akainama, akauona uso wake juu ya maji, wanja machoni, akatabasamu. Akaiinamisha fimbo. Chubwi!

Ikapinda.

"Imepinda!" mama yake Makame akapiga kelele. "Yallah, mwanangu nusura aoe balaa!"

"Mila ni mila," akasema Mzee Shungu, mkuu wa kijiji. "Binti, kunja mkeka."

Mize akaichomoa fimbo. Imenyooka. Akaitumbukiza tena, chubwi! Imepinda. Machozi yakamlengalenga. Alijijua hana hila, ila macho ya watu wote yalisema anayo, na yake mwenyewe pia. Akapiga magoti, akaanza kuukunja mkeka.

"Acha kwanza, mjukuu wangu," ikasema sauti. Ni Bibi Kidawa, mikono imejaa udongo. "Mama Makame, hebu itumbukize wewe."

"Mimi? Mimi nina miaka thelathini kwenye ndoa!"

"Ndiyo maana huna cha kuogopa."

Chubwi! Ikapinda. Watu wakaguna, mmh!

"Sasa ingiza mkono, uishike pale ilipopinda."

Mama Makame akapapasa, juu, chini. "Mbona imenyooka? Macho yanasema hivi, mkono unasema vile!"

"Chemchemi ina shetani!" akafoka Mzee Shungu.

Bibi Kidawa akacheka, pengo lote nje. Akaweka bakuli chini, bakuli alilolifinyanga mwenyewe, akatia kokoto nyeupe ndani. "Mzee, rudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli ukufichie kokoto. Hapo hapo, usisogee." Kisha akamimina maji ya mtungi wa nyumbani kwake, polepole, go-go-go-go.

"Naiona!" Mzee Shungu akaruka. "Imepanda! Nani kaisogeza?"

"Hakuna. Kokoto iko pale pale, na mtungi wangu hauna shetani. Ni nuru. Ukitoka njia kavu ukaingia matopeni upande upande, mguu mmoja huchelewa, mwili ukageuka. Nuru nayo huenda polepole majini kuliko hewani. Ikitoka majini kuja machoni petu kwa upande, hugeuka njiani, nasi tunadhani kitu ndicho kilichopinda. Na nuru nyingine haiingii kabisa. Ikigusa maji hurudi ilikotoka, ndiyo maana Mize aliuona uso wake. Mbona huo uso hamkusema ni hila?"

Mama Makame akaitazama fimbo, akamtazama Bibi Kidawa. Akanong'ona, "Kumbe na yangu, siku ile..."

"Na yako, mwanangu. Na yangu. Sisi ng'ombe walitusitiri."

Mama Makame akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona haya, akainuka. Akauchukua mkeka mikononi mwa Mize, akautandaza yeye mwenyewe pale pale. "Kaa, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Nilikuhukumu kabla sijagusa." Mize akakaa, akalia kwa furaha, na ngoma zikaanza, tindi-ti-tindi!

Mila haikufa, la. Bibi harusi bado hutumbukiza fimbo. Ikishapinda, mama mkwe hutia mkono majini, akaitoa, akaiinua watu waone, akasema kwa sauti, "Ni nzima!" Na kila mara hulitaja jina la Bibi Kidawa.

Ndiyo maana wahenga wa huko husema: kilicho majini usikihukumu kwa macho, kitoe kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeona imepinda, na atie mkono.